Princess Mononoke: maswali ambayo kila mtu huniuliza akishaiona

Kila ninapomwonyesha mtu filamu hii, mazungumzo hayaishi siku ile. Wiki nzima baadaye ujumbe unaingia usiku: "Sasa yule mama wa chuma, ni mbaya au ni mzuri?" Nimeamua kuyaweka majibu mahali pamoja. Maswali ya mwanzo hayakukatii uhondo. Kuanzia lile linalouliza nani adui, nasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaiona, ishia hapo kwanza ukaitazame.

Ni filamu gani hasa?

Kwa Kijapani inaitwa Mononoke Hime. Ni katuni ndefu ya dakika 133, imeandikwa na kuongozwa na Hayao Miyazaki katika studio ya Ghibli ya Tokyo, mtayarishaji akiwa Toshio Suzuki na muziki ukiwa wa Joe Hisaishi. Ilianza kuonyeshwa Japani tarehe 12 Julai 1997.

Kisa kinaanza na nguruwe mwitu mkubwa kama nyumba, mungu wa mahali pake, anayetoka msituni akiwa amefunikwa na minyoo myeusi ya hasira. Kijana Ashitaka anambembeleza asiingie kijijini. Hasikii. Ashitaka anamuua kwa mshale, lakini keshaguswa mkono, na mkono ule unabaki na alama ya laana itakayomla taratibu mpaka afe. Ndani ya mzoga wanakuta kipande cha chuma, risasi iliyomtesa mnyama hadi akageuka. Basi Ashitaka anapanda mnyama wake na kwenda magharibi kutafuta chuma kile kimetoka wapi. Huko anakuta vita: upande mmoja kuna mji wa wafua chuma unaoongozwa na mwanamke aitwaye Eboshi, upande wa pili kuna wanyama wa msitu, na pamoja nao yumo San, msichana aliyelelewa na mbwa mwitu.

Kwa hiyo Mononoke ndilo jina la msichana?

Hapana, yeye ni San. "Hime" ni binti wa kifalme, na "mononoke" ni neno la kale lenye maana ya roho yenye kinyongo inayomwingia mtu na kumdhuru. Watu wa mji wa chuma ndio wanaomwita hivyo kwa hofu na matusi.

Nikilazimishwa kutafsiri, nachagua pepo, wala siyo jini au mzimu. Katika Japani ya kale mtu akiugua ghafla ilisemekana mononoke amemwingia. Waliitwa watawa wasome dua, roho ihamishiwe kwa mtu mwingine aliyewekwa pale kama kiti, ibanwe mpaka ijitaje jina na kusema kinachoiudhi. Aliyewahi kukaa kwenye ngoma ya kupunga pepo hahitaji kuelezwa zaidi.

Miyazaki mwenyewe alitaka filamu ibebe jina la Ashitaka. Suzuki aliona jina hilo halitauza, akatangaza Mononoke Hime kwenye televisheni kabla ya kumwambia. Mwongozaji alipojua, mambo yalikuwa yameshasambaa.

Nimwekee mtoto?

Wa miaka sita, usithubutu. Kuna mikono inakatika, kuna kichwa kinaruka kwa mshale, kuna damu na minyoo. Marekani iliiweka katika kundi la PG-13, yaani wazazi waangalie sana kwa walio chini ya miaka 13, na mimi nakubaliana nao. Tatizo letu ni kwamba tukisikia "katuni" tunawasha televisheni na kwenda zetu jikoni. Hii kaa nao.

Niisikilize kwa Kijapani au kwa Kiingereza?

Kijapani, na maandishi yakipita chini. Sababu kubwa ni Moro, mama mbwa mwitu. Sauti yake ni ya mwanamume, Akihiro Miwa, mwimbaji na mwigizaji mashuhuri Japani, na sauti nzito ile ndani ya mnyama jike mwenye uchungu wa mama inakuacha hoi. Kiingereza chake si kibaya hata hivyo. Mwandishi Neil Gaiman ndiye aliyeyatengeneza maneno, na Claire Danes, Billy Crudup, Minnie Driver na Gillian Anderson ni baadhi ya waliotia sauti.

Na anayeimba ule wimbo ni mwanamke?

Ni mwanamume. Anaitwa Yoshikazu Mera, na ni mmoja wa waimbaji wachache wa kiume waliofunzwa kuimba kwa sauti ya juu ya kike.

Mbona majina mengine yanasikika kama Kiswahili?

Hili huulizwa na kila Mswahili, na mimi nilicheka mpaka nikairudisha nyuma. Kuna binti wa kijijini anayemuaga Ashitaka, anaitwa Kaya. Kuna mbwa mwitu Moro, na kwa Mtanzania hiyo ni Morogoro moja kwa moja. Halafu kuna mtawa mjanja anayeitwa Jiko-bo, na kama kwa makusudi, muda si mrefu baada ya kukutana naye tunamwona amekaa na sufuria motoni, anampikia Ashitaka uji wa mchele! Niliyekuwa naye alisema, "Huyu kweli amepata jiko."

Hakuna uhusiano wowote. Ni kwamba Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi zinazoishia na irabu, kwa hiyo maneno hugongana mara nyingi. Ila hilo la Kaya lilinigusa kidogo, kwa sababu kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya kaya ni msitu wenyewe, ule mtakatifu wenye makaburi ya wazee usiokatwa mti ovyo, na UNESCO iliuingiza mkusanyiko wa misitu hiyo katika urithi wa dunia mwaka 2008. Bahati nasibu tu, lakini bahati nasibu nzuri.

Mambo haya yanatokea wakati gani?

Katika enzi ya Muromachi, ambayo kwa mahesabu ya jumla ni kati ya 1336 na 1573. Mfalme mkuu yupo kwa jina, mabwana wa vita wanagombania ardhi, bunduki ndiyo kwanza zinaanza kuonekana. Wengi hudhani Japani ya zamani ni ya samurai tu. Humu samurai wapo, ila ni wanyang'anyi wanaochoma vijiji na kuvizia chuma cha watu. Shujaa wetu si mmoja wao. Ni Mwemishi, mtu wa jamii za kaskazini-mashariki ambazo utawala wa Yamato ulipigana nazo na kuzishinda karne nyingi kabla. Katika filamu mabaki yao wamejificha milimani kwa zaidi ya miaka 500.

Ukilijua hilo, ile ya mwanzo anapokata nywele zake mbele ya wazee utaiona tofauti. Kwao ni kama amekufa. Kwa desturi yao hakuna hata anayeruhusiwa kumsindikiza, na Kaya anavunja mwiko kwa kumletea kisu chake.

Yule mnyama anayempanda ni farasi?

Ni Yakul. Miyazaki amembuni, ila ukimtazama pembe na shingo utaona anafanana na swala wakubwa wa Afrika kuliko paa wa Japani. Kinyume chake, ukisikia mbwa mwitu usiwaze wale wa madoadoa wa Selous. Moro ni mweupe, mkubwa kama lori dogo, na ana mikia miwili.

Msitu ule upo kweli?

Upo, kwa kiasi. Waliochora mandhari walikwenda Yakushima, kisiwa kilicho kusini mwa Kyushu, mahali penye mvua nyingi sana na mierezi ya Kijapani ambayo mkongwe wake mmoja, Jomon Sugi, anakisiwa kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Mawe, mizizi na magogo yote yamevaa ukoga wa kijani. Bonde lake liitwalo Shiratani Unsuikyo ndilo wageni hulikimbilia wakitaka kupiga picha "mahali pa San". Misitu ya Shirakami-Sanchi, kaskazini mwa Honshu, nayo ilichangia. Yote miwili iliingia urithi wa dunia mwaka 1993.

Kisiwa jirani na Yakushima ni Tanegashima, na hapo ndipo Wareno walipofikisha bunduki mwaka 1543, kama historia ya Japani inavyofundishwa. Bunduki za Eboshi ni za aina ya kale zaidi, mizinga ya mkononi yenye asili ya China.

Na ule mji wa chuma? Kweli walifua hivyo?

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu watu wengi huipita sehemu hii wakisubiri mapigano.

Tatara ni tanuri la udongo la Kijapani la kuyeyushia mchanga wa chuma kwa makaa ya miti. Kitovu chake kilikuwa eneo la Chugoku, hasa Izumo ya zamani, Shimane ya leo, na mpaka sasa huko Okuizumo tatara bado huwashwa wakati wa baridi ili kupata chuma cha pua cha wahunzi wa panga. Uchomaji mmoja huchukua usiku na mchana wa siku tatu. Humeza mchanga wa chuma tani kama 10, na makaa zaidi ya kiasi hicho. Fikiria magogo mangapi yanahitajika kupata tani 12 za makaa, kwa uchomaji mmoja tu, kisha mwezi ujao tena. Halafu mchanga wenyewe hupatikana kwa kubomoa vilima na kuuosha kwa maji, kwa hiyo hata mlima wenyewe unaondoka. Vilima vilivyo vipara kuzunguka ngome ya Eboshi havikuchorwa hivyo kwa urembo. Na nyani wa msituni wanapokuja kupanda miti usiku, wanajaribu kurudisha kilichopita tanurini.

Kitu kimoja Miyazaki amekigeuza kwa makusudi. Kwa mila ya tatara mwanamke hakuruhusiwa kukaribia tanuri. Mwiko huu hauko kwa Wajapani peke yao. Wayeyusha chuma wa Afrika wengi walikuwa nao pia, wakiwemo Wahaya wa Kagera, ambao tanuri kwao lilikuwa kama mwanamke anayejifungua. Miyazaki akawapandisha wanawake juu ya mivukuto, wakikanyaga kwa zamu mchana na usiku, wakiimba na kuwatania waume zao. Eboshi aliwanunua kutoka madanguro mikataba yao ilikokuwa imewafunga. Mmoja wao anamwambia Ashitaka kazi ni ngumu, lakini hapa wanakula shibe na wanaume hawawasumbui.

Basi nani adui?

Kuanzia hapa nasimulia kila kitu.

Nimejaribu mara nyingi kumpata adui, sijampata. Eboshi anakata msitu na kupiga risasi miungu. Huyohuyo ndiye aliyewapa makahaba wa jana ujira, na wagonjwa walioachwa na watu wote paa na kazi. Ukimwondoa, mamia ya watu wanarudi walikotoka. San anachinja wafua chuma usiku, lakini wazazi wake halisi walimtupa kwa Moro akiwa mchanga ili waokoe roho zao. Utamwambia nini kuhusu utu wa binadamu? Nguruwe wana haki, ila kiburi chao kinawaingiza kwenye baruti wakijua kabisa ni mtego. Hata Jiko-bo, anayetafuta kichwa cha Mungu wa Msitu kwa sababu mfalme anataka kuishi milele, ni mtu wa kuagizwa tu na mcheshi wa kukaa naye.

Ndiyo maana siipendi ile sentensi kwamba hii ni "filamu ya kutunza mazingira". Ukiisema hivyo unamweka Eboshi upande wa wabaya, unakwenda kulala. Filamu inakuweka ndani ya mji wake, unakula wali wake, unacheka na wanawake wake, kisha inakuonyesha nguruwe yule mwenye chuma mwilini. Mkono wa Ashitaka una laana ya chuma kilekile, na kila hasira inapompanda unapata nguvu za kutisha huku ukimuua haraka zaidi.

Wale waliofungwa vitambaa mwili mzima ni akina nani?

Ni wagonjwa wa ukoma. Eboshi anawasafisha vidonda kwa mikono yake na kuwapa kazi ya kuunda bunduki. Mzee wao, asiyeweza hata kuinuka, anamsihi Ashitaka asimuue, kwa kuwa ndiye pekee aliyewaona kuwa ni watu.

Sehemu hii ina chanzo chake. Karibu na nyumbani kwa Miyazaki, pembezoni mwa Tokyo, ipo Tama Zenshoen, hospitali ambako wagonjwa wa ukoma walifungiwa maisha yao yote kwa mujibu wa sheria. Amewahi kueleza hadharani kwamba akiwa amekwama na hadithi alitembea mpaka pale, na alichokiona kilimfanya aone hawezi tena kuwapa kisogo. Sheria ile ya kuwatenga ilifutwa mwaka 1996, mwaka mmoja kabla filamu haijatoka, ingawa dawa za kuutibu ukoma zilikuwepo miongo mingi kabla.

Mungu wa Msitu anasimamia nini? Mbona hasemi?

Jina lake ni Shishigami. "Shishi" ni neno la kale la mnyama wa kuwindwa, paa au nguruwe, na "gami" ni "kami", mungu wa mahali. Mchana ana mwili wa paa, pembe kama matawi na uso unaokaribia wa mtu. Usiku anarefuka kupita miti na kuwa jitu la mwanga, akibeba jina la jitu la ngano za Kijapani, Daidarabotchi. Anapokanyaga, maua yanaota na kunyauka papo hapo. Anamponya Ashitaka risasi lakini anamwachia laana. Anamchukua Moro na mzee Okkoto, mkuu wa nguruwe, bila kueleza.

Watu humsubiri aingilie kati, apige upande mmoja. Hafanyi hivyo hata mara moja. Uhai na mauti kwake ni pumzi moja, huvuta na kutoa, na anayemwomba ushindi amekosea mlango. Ndiyo maana inapofika Eboshi anampiga risasi na kichwa kinakatika, hakilipizwi kisasi na mtu yeyote. Mwili unaanza tu kukitafuta kichwa chake, ukimwagika milimani, na kila kinachoguswa kinakufa, awe askari au mti.

Kwa nini Ashitaka na San hawaishii pamoja?

Dada yangu mdogo alikasirika kweli hapa. "Amehangaika saa mbili nzima halafu kila mtu kwake?"

Kichwa kimerudishwa, jitu limeanguka asubuhi, vilima vimefunikwa na majani mabichi. Eboshi amepoteza mkono mmoja kwa meno ya kichwa cha Moro kilichokatika, naye anasema watajenga mji upya, mji mzuri zaidi. San anamwambia Ashitaka kwamba anampenda, lakini binadamu hawezi kuwasamehe. Ashitaka hamsihi. Anajibu kwamba ni sawa, yeye atakaa mji wa chuma awasaidie kujenga, na atakuwa anakuja kumtembelea na Yakul.

Kwangu huo ndio mwisho pekee ulio mkweli. Angehamia msituni, angewaacha wale wanawake na wagonjwa. San angehamia mjini, angewasaliti mama na ndugu zake. Alama ya mkononi imefifia ila haijatoka. Tangazo la filamu Japani lilikuwa na neno moja tu, "Ikiro", lililoandikwa na Shigesato Itoi. Kwa Kiswahili: ishi. Ni amri, na haisemi utaishi vipi.

Yote ilichorwa kwa mkono?

Karibu yote. Picha zipatazo 144,000, na inasimuliwa kwamba Miyazaki mwenyewe alipitia na kusahihisha kama 80,000 kati yake. Kompyuta zilitumika kwa dakika chache tu, hasa mahali ambapo mkono ungeshindwa, kama baadhi ya ile minyoo inayochemka juu ya nguruwe. Msimamizi mmoja wa wachoraji wake alikuwa Yoshifumi Kondo, ambaye wengi walimtazamia arithi kiti cha Miyazaki. Alifariki Januari 1998, akiwa na miaka 47.

Ilifanikiwa?

Japani, ndiyo, kupita kiasi. Ilivunja rekodi ya mapato ya filamu ya E.T. iliyodumu tangu 1982, na ikaishikilia mpaka Titanic ilipofika miezi michache baadaye. Ilikuwa pia katuni ya kwanza kupewa tuzo ya filamu bora ya mwaka ya Academy ya Japani. Marekani ilitoka Oktoba 1999 ikaingiza dola milioni 2 na ushei, kisha ikapata mashabiki wake polepole kwa kanda na diski.

Kisa cha upanga ni kweli?

Ni kweli. Filamu ya Miyazaki ya 1984, Nausicaä, ilipopelekwa Marekani ilikatwa zaidi ya dakika 20 na kugeuzwa hadithi nyingine. Kwa hiyo safari hii, kampuni ya Miramax ilipopata haki za kuisambaza, Suzuki alimkabidhi mkuu wa kampuni hiyo, Harvey Weinstein, upanga wa Kijapani na kumpa ujumbe: msikate. Hawakukata.

Ghibli maana yake nini?

Upepo wa moto wa jangwa la Libya. Waitaliano walilichukua neno kwa Waarabu wa huko, wakaipa hata ndege yao ya kivita, na Miyazaki, mpenzi wa ndege, akaipa studio. Asili yake ni neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi kibla. Wajapani wanatamka "Jiburi", kwa hiyo usimcheke mtu.

Naipata wapi?

Mwaka 2020 Netflix ilianza kuonyesha filamu za Ghibli karibu dunia nzima isipokuwa Japani, Marekani na Kanada, na hii ikawemo. Mwaka 2025 nakala iliyosafishwa upya ilirudi kwenye sinema za IMAX, kwa wenye bahati ya kuwa nazo karibu.

Nikimaliza nitazame ipi?

Nausicaä, kama unataka kuona swali hilihili likiulizwa na Miyazaki aliye kijana zaidi na mwenye matumaini zaidi. Pom Poko ya 1994, ya mwenzake Isao Takahata, kama unataka kucheka kwanza na kuumia baadaye.

Yule kijitu cheupe cha mwisho kabisa?

Ni kodama, roho ya mti. Katikati ya filamu wamejaa mamia matawini, wakitikisa vichwa vyao kwa mlio wa kokoto ndani ya kibuyu, na Shishigami anapouawa wanadondoka kama majani. Wengi huwa wameshainuka kutafuta viatu picha hii inapopita. Mmoja, mdogo, anatokea peke yake msituni. Anageuza kichwa. Anakitikisa.